Kitambaa cha kijani kando ya pundamilia

Nikiwaza namna ya kumwelewesha mtu akili mnemba ndani ya bustani ya wanyama, mawazo yananirudisha kwenye uzio wa pundamilia. Bango refu la maelezo watu hulipita. Afadhali meza, kompyuta, kamera inayotazama chini, na wanyama wawili wa plastiki: pundamilia na twiga.

Mgeni ndiye aifundishe kompyuta kuwatofautisha wanyama hao kwa picha. Pundamilia awekwe juu ya kitambaa cha kijani, apigwe picha 40 huku akigeuzwageuzwa. Twiga naye 40, juu ya kitambaa cha kahawia. Programu ya Teachable Machine, ambayo hufunguliwa kwenye kivinjari tu, inatosha. Jaribio la kwanza hufaulu. Kisha badilisheni vitambaa. Twiga akikaa kwenye kijani, mara nyingi mashine humwita pundamilia, kwani kitambaa kimejaza picha kuliko mnyama, nayo imeshika kilicho rahisi kutofautisha. Milia haikuwa na kazi. Hapo usiharakishe kueleza. Mwache mgeni ainue macho, amtazame pundamilia hai aliyesimama vumbini, ajiulize yeye alimjuaje. Baadaye ifundisheni mashine upya: picha 20 za kila mnyama kwenye kila kitambaa.

Sasa aweke kiganja mezani. Skrini inaweza kusema pundamilia, asilimia 90! Asilimia za makundi mawili lazima zifike 100, kwa hiyo jibu la "sijui" halipo. Kundi la tatu, lenye picha za meza tupu, mikono na viatu, hupunguza kosa hili bila kulimaliza. Kwangu dakika hii ina thamani kuliko maonyesho mengine yote, maana watu huamini namba kubwa upesi mno.

Meza iwe chini ya paa na taa yake yenyewe, la sivyo kivuli cha mchana kitaharibu mafunzo ya asubuhi. Kamera isielekezwe kwenye nyuso, za watoto hasa.

Mwishoni ziwepo picha mbili za ubavu, kushoto na kulia. Watafiti humtambua kila pundamilia kwa milia yake kwa msaada wa kompyuta, lakini milia ya ubavu mmoja hailingani na ya mwingine. Mwulize mgeni: ni mnyama mmoja au wawili? Programu iliyoonyeshwa kushoto peke yake haiwezi kumjibia.