Leseni ya mshauri na kiti cha mchungaji

Tarehe 7 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi kwa saa za hapa Colorado, watoto wakiwa wamekwisha panda basi la shule, niliketi jikoni na kufungulia matangazo ya sauti kutoka Mahakama ya Juu ya Marekani. Shauri lililokuwa likisikilizwa lilitoka katika jimbo letu hili, nalo lilihusu jambo ambalo sisi tuliolelewa pwani tulifundishwa kulizungumza kwa sauti ya chini, kama kulizungumza kwenyewe kuliruhusiwa: ni nani anayeweza kuketi na kijana aliye chini ya miaka 18 na kuzungumza naye kuhusu hisia zake za kimapenzi, na ni maneno gani ambayo dola inaweza kumkataza asiyatamke.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika mji wa Aurora, kando ya Denver. Wengi wa ninaowatafsiria ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa huku. Ninayosikia kazini nimeapa kutoyatoa nje, na hapa sitayatoa. Nitakayosimulia yalitokea nje ya kazi, nyumbani kwa jirani na katika ofisi ya mchungaji mmoja, na wote wawili wameniruhusu kuyaandika bila kuwataja majina.

Shauri lenyewe linaitwa Chiles dhidi ya Salazar. Kaley Chiles ni mshauri nasaha mwenye leseni katika mji wa Colorado Springs, Mkristo, mhitimu wa chuo cha theolojia cha Denver Seminary, naye anasema kwamba baadhi ya wateja wake humjia kwa sababu wanaishika imani ileile. Patty Salazar alishtakiwa akiwa mkuu wa idara ya jimbo inayosimamia leseni za taaluma. Sheria wanayoigombea ilitiwa saini na Gavana Jared Polis mwaka 2019. Inamkataza mtaalamu wa afya ya akili mwenye leseni kumfanyia mteja aliye chini ya miaka 18 kile ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita tiba ya kubadili mwelekeo wa kimapenzi au utambulisho wa kijinsia, na ndani yake kimo pia kujaribu kubadili mwenendo wa kijana huyo au kupunguza mvuto alio nao kwa watu wa jinsia yake. Anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kupoteza leseni. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inaruhusu kumkubali mteja, kumwelewa, kumsaidia ajitambue, na kumsaidia aliye katika safari ya kubadili jinsia. California ilitangulia kuwa na sheria ya namna hii mwaka 2012, New Jersey ikafuata mwaka 2013, na kufikia mwaka 2025 majimbo yenye sheria kama hizo yalikuwa yamepita 20.

Kuna kifungu kingine ambacho sikusikia kikitajwa sana asubuhi ile, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Sheria ya Colorado inayosimamia washauri nasaha inasema kwamba mtu anayefanya huduma ya kidini hafungwi na masharti yake, mradi tu asijitangaze kwa vyeo vya wenye leseni. Kwa hiyo sentensi moja, iliyosemwa kwa kijana mmoja, katika mji mmoja, inaweza kumgharimu msemaji dola 5,000 ikiwa ukutani nyuma yake kumetundikwa leseni ya jimbo, na isimgharimu chochote ikiwa ukutani kumetundikwa msalaba peke yake.

Mwaka jana jirani yangu, mama wa Kikongo, aliniita nyumbani kwake nimsomee karatasi. Binti yake wa miaka 14 alikuwa halali usiku, shule ikampeleka kwa mshauri nasaha, na mshauri akatuma fomu ambayo kila mtaalamu wa fani hiyo katika jimbo hili analazimika kumpa mteja kabla ya kuanza. Fomu inaeleza elimu ya mshauri, malipo yake, haki ya mteja ya kuacha huduma wakati wowote, na mipaka ya usiri. Halafu inakuja sentensi inayosema kwamba katika uhusiano wa kitaalamu jambo lolote la kimapenzi baina ya mshauri na mteja halifai kamwe, na likitokea liripotiwe kwa bodi ya jimbo inayosimamia washauri. Nilikwama hapo kwa dakika nzima. Niliandika "kujamiiana", nikalifuta kwa sababu ni jembamba mno. Sheria inakataza pia kushikwashikwa. Niliandika "mapenzi", nikalifuta kwa sababu katika Kiswahili mama pia ana mapenzi na mwanawe. Mwishowe nikaandika "kugusana au kuingiliana kimwili kwa namna ya kimapenzi", nikamsomea kwa sauti huku binti akiwa sebuleni na simu yake masikioni.

"Dada," aliniambia jirani yangu, akiwa ameshika ukingo wa meza, "karatasi hii inamtafutia nini mtoto wangu?"

Nilimweleza kwamba karatasi haimtafutii mtoto kitu, inamfunga mshauri. Aliniangalia kwa muda, akasema kwamba kule walikotoka mtu asiye na nia mbaya hakuhitaji kuandikiwa karatasi. Sikumbishia, ingawa sote wawili tunawajua watu wenye nia mbaya ambao hawakuwahi kuandikiwa karatasi yoyote.

Kilichomtia hofu zaidi ni jambo ambalo nililitaja kwa kupitia tu. Mwaka huohuo wa 2019, Colorado iliteremsha kutoka 15 hadi 12 umri ambao kijana anaweza kukubali mwenyewe huduma ya ushauri nasaha bila idhini ya mzazi, ilimradi mtaalamu aridhike kwamba kijana anaelewa anachokikubali na kwamba huduma hiyo inamfaa. Kwa mzazi wa kwetu, miaka 12 ni mtoto ambaye bado anatumwa dukani kununua chumvi. Lakini nikikumbuka Tanga, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mama mzazi akajitenga, na yaliyosemwa baina ya somo na mwari yalibaki humo humo. Kumtoa mtoto mikononi mwa mzazi ili mtu mwingine azungumze naye kuhusu mwili wake si uvumbuzi wa Colorado. Tofauti ni kwamba somo alichaguliwa na ukoo, na ukoo ulijua mlango wa kumbishia akikosea.

Mahakamani mvutano mkubwa ulikuwa juu ya neno moja. Je, maneno ya mshauri ni usemi, ambao Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaulinda, au ni matibabu, ambayo majimbo yamekuwa yakiyasimamia tangu zamani kama yanavyosimamia dawa na kisu cha daktari? Mahakama ya rufaa iliyoko Denver ilisema mwezi Septemba 2024, majaji wawili dhidi ya mmoja, kwamba ni matibabu yanayofanywa kwa maneno, kwa hiyo jimbo lina mamlaka. Mahakama ya rufaa inayosimamia Florida ilikuwa imesema kinyume mwaka 2020 katika shauri la mji wa Boca Raton. Na Mahakama ya Juu yenyewe, mwaka 2018, ilikuwa imekwisha onya kwamba usemi haupotezi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu msemaji ni mwanataaluma.

Jaji Samuel Alito aliweka mbele ya wakili wa jimbo mfano wa vijana wawili. Mmoja anamwendea mshauri na kusema anavutiwa na wavulana wenzake na anataka asaidiwe kupunguza mvuto huo. Mwingine anakwenda na hali hiyohiyo akitaka asaidiwe kuikubali. Sheria inamruhusu mshauri kumsaidia wa pili na inamkataza kumsaidia wa kwanza. Ninaiunga mkono sheria hii kwa ujumla wake, lakini sitajifanya kwamba swali hilo lilikuwa dhaifu. Nilijikuta nimesimama na kikombe mkononi, nikisubiri jibu ambalo lingenituliza, na nililolisikia halikunituliza kikamilifu. Wakili wa jimbo alirejea katika hoja ya madhara: kwamba njia ya kwanza haifanyi kazi na inaumiza, na ya pili haiumizi. Jaji Ketanji Brown Jackson naye aliuliza, kwa namna yake, ni vipi mahakama hii iliyokubali mwezi Juni kwamba Tennessee inaweza kuwakataza madaktari wasiwape vijana homoni sasa ione Colorado haiwezi kuwakataza washauri. Nilipoandika haya, hukumu ilikuwa bado haijatolewa. Nchi hii huzoea kupata hukumu za mashauri mazito kabla ya Julai.

Kuhusu madhara, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitoa ripoti mwaka 2009 ikisema kwamba juhudi za kubadili mwelekeo wa kimapenzi hazielekei kufaulu na zina hatari ya kuumiza. Lakini kwa msomaji wa dini, pengine ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Exodus International, shirika la Kikristo ambalo kwa miongo kadhaa liliongoza huduma za namna hii, na ambalo mwaka 2013 rais wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi waliodhurika, kisha likafungwa. Huduma nyingi zilizojiunga na shirika hilo ziliendeshwa na watu wa kanisa, si wenye leseni. Sheria ya 2019 isingewagusa.

Hapo ndipo ninapolalamika, ingawa najua kwamba jimbo halina njia rahisi ya kulirekebisha. Mwenye leseni amesoma, amefanya mazoezi chini ya uangalizi wa mkubwa wake, ana bodi inayoweza kumwita ajieleze, na ana ile fomu niliyoitafsiri. Asiye na leseni hana hata kimoja cha hivyo, naye ndiye ambaye vijana wetu wanapelekwa kwake. Katika miaka yangu ya Aurora, mzazi Mkongo au Mtanzania anayeshtushwa na jambo la mwanawe kuhusu mapenzi humpigia simu mchungaji, au shehe kama ni Mwislamu, kabla hajafikiria neno mshauri nasaha. Katiba inamlinda kiongozi huyo madhabahuni na mimbarini, nami sitaki serikali iingie huko. Lakini jimbo lilikiri kwamba tangu 2019 halijamwadhibu mtu yeyote kwa sheria hii, na sishangai: chumba ambacho sheria inakilinda si chumba ambacho watoto wetu wanaketi.

Wiki mbili baada ya ile asubuhi nilikwenda kumwona mchungaji wetu, kwa kuwa alikuwa amenitumia ujumbe akiuliza kama sheria hii inamhusu. Ofisi yake ni chumba kidogo nyuma ya jengo ambalo zamani lilikuwa duka la matairi, na siku za baridi bado linanuka mpira. Nilimsomea kifungu cha huduma ya kidini, akapumua. Kisha nikamsomea kingine, ambacho hakuwahi kukisikia katika miaka yote aliyokaa hapa: kwamba katika Colorado viongozi wa dini wamo katika orodha ya watu wanaolazimika kuripoti mara moja wanapokuwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto ananyanyaswa au ametelekezwa, na kutoripoti ni kosa la jinai. Sheria inatoa nafasi kwa siri za maungamo, lakini ikiwa kiongozi amelijua jambo hilo kwa njia nyingine pia, kinga hiyo haimsaidii.

Alinyamaza. Aliniuliza, polepole, je, ikiwa kijana amekuja kuzungumza tu, hakuja kutubu, hayo ni maungamo? Nilimwambia kwamba mimi ni mkalimani, si wakili, na kwamba swali hilo alipeleke kwa wakili kabla kijana mwingine hajaketi katika kile kiti. Nilimwona akihesabu kitu kichwani. Sikumuuliza ni nini.

Juu ya meza kulikuwa na rundo la vipeperushi vya mkutano wa vijana wa mwezi Novemba. Chini ya picha yake palikuwa pameandikwa "Mchungaji, Mwanasaikolojia na Mshauri wa Vijana". Nilimwonyesha neno la katikati. Ana cheti cha wiki sita alichokipata Bujumbura, nacho anakithamini, lakini cheo cha mwanasaikolojia hapa ni cha mwenye leseni, na kukitumia ndiko hasa kunakomtoa mtu nje ya kivuli cha huduma ya kidini. Alichukua kalamu akalikata neno hilo kwenye kipeperushi cha kwanza, akakitazama, kisha akaita mtoto wake aje achapishe upya vyote 200.

Kabla sijaondoka aliniomba namba ya simu ya jimbo ya kuripoti unyanyasaji wa watoto. Nilimwandikia kwa herufi kubwa, na chini yake kwa Kiswahili kwamba mkalimani anaweza kuombwa. Akaibandika nyuma ya mlango wa ofisi, mahali ambapo yeye huiona akiwa ameketi. Nilimwandikia nyingine, ya upande wa nje.