Mita 60 na Kaa wa Salenda
Maji yanapokupwa pale Daraja la Salenda, kaa wadogo huchungulia kwenye matope katikati ya mizizi ya mikoko, na sidhani kama kuna michoro mingi ya ujenzi jijini Dar es Salaam iliyowahi kuwataja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kwenye kingo za mto, na inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Kasoro ninayoiona ni ya wakati: mara nyingi tathmini huletwa kiwanja kikiwa kimeshanunuliwa, ikabaki kuwa muhuri tu.

Kule Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, tulilipia ucheleweshaji wa namna hiyo. Chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko alitambuliwa bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, waliosalia wakiwa wanatunzwa Marekani. Ningependa basi wataalamu wa viumbe waketi na maofisa mipangomiji tangu ramani ya matumizi ya ardhi inapochorwa, hasa kwa Mbweni, Kunduchi na bonde la Msimbazi.