HER2 kabla na baada ya tibakemikali

Ripoti ya HER2, protini iliyo kwenye utando wa seli ambayo baadhi ya dawa za saratani huilenga, inanifikirisha kwa uzito tunaoipa. Saratani ya tumbo ikishathibitishwa, na HER2 ikasomeka 3+ (alama ya juu kabisa ya kushika rangi ya kipimo), alama hiyo hubaki kwenye faili la mgonjwa kana kwamba haitabadilika. Hapo katikati mgonjwa anapata tibakemikali, na uvimbe unaosalia unaweza kuwa na sura nyingine.

Seli za saratani hii hazifanani. Chini ya hadubini utaona kundi lenye rangi ya kahawia iliyokolea kwenye utando, na jirani yake kundi lisiloshika rangi hata kidogo. Dawa ikiua kundi moja zaidi ya jingine, kipimo hupanda au kushuka hata kama hakuna seli iliyobadili jeni yake. Trastuzumabu, iliyoingia kwenye matibabu haya baada ya utafiti wa ToGA wa mwaka 2010, huonyesha hilo waziwazi: inazilenga seli zenye HER2, hivyo zisizo nayo hupata nafasi ya kutawala. Kwa hiyo ugonjwa ukiendelea baada ya dawa hiyo, ni vyema kuchukua vinyama vipya (vipande vidogo vya uvimbe vya kupima) kabla ya kumpa mgonjwa dawa nyingine inayolenga protini ileile.

Ila kipimo kikibadilika, tusikimbilie kusema ni dawa. Kinyama kimoja hakitoshi. Vichukuliwe angalau vitano, sehemu mbalimbali za uvimbe, kuepuka katikati penye seli zilizokufa. Viingie kwenye formalini (maji ya kuhifadhi sampuli) ya asilimia 10 yenye bafa ndani ya saa moja, vikae saa 6 hadi 72. Vikitolewa mapema mno, protini huharibika na rangi hufifia. Sampuli ya Ijumaa inayosahaulika mpaka Jumanne nayo haiaminiki.

Kosa ninalolihofia zaidi liko kwenye usomaji. Kwenye vinyama vya endoskopi (vinavyochukuliwa kwa mrija wenye kamera), kikundi cha seli tano zilizoshika rangi kinatosha kutoa alama. Kwenye tumbo lililokatwa kwa upasuaji, inatakiwa asilimia 10 ya seli za saratani. Wengi hupimwa kwa kanuni ya kwanza kabla ya dawa, na ya pili baada yake, hivyo alama inaweza kubadilika kwa sababu ya kanuni tu. Tena, baada ya mizunguko minne ya FLOT (mchanganyiko wa dawa za tibakemikali), pengine zimebaki seli chache tu katikati ya kovu. Ripoti iseme ni kiasi gani cha saratani kilisomwa, na 2+, alama isiyo na uhakika, ipelekwe kuhesabiwa nakala za jeni ya HER2.