Tope la Juu Kabisa

Juzi mpwa wangu, kitabu cha jiografia mkononi, aliniuliza: "Shangazi, wamejuaje kwamba Sahara iliwahi kuwa na majani na maziwa, na hakukuwa na mtu wa kuandika?" Nikamjibu kwa kifupi: wanasoma tope la chini ya maziwa, ambalo la chini zaidi ndilo la zamani zaidi. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na siku ile ya maabara kichwani, tulipopasua tope la ziwa.

Ya ziwani nayapita: chelezo, jua, bomba lililozamishwa kwenye tope la chini ya maji mpaka likagoma, kisha kuvuta kwa zamu huku viganja vikiwaka moto. Tope likahifadhiwa kwenye baridi hadi Mwalimu alipotuita tulipasue.

Alipitisha msumeno ubavu mmoja wa bomba, akalipindua, akapitisha ubavu wa pili. Kisha akavuta waya mwembamba katikati ya tope, kutoka mwisho hadi mwisho, akatenganisha nusu mbili juu ya meza. Kwanza ikaja harufu ya mayai viza, gesi ya pale vitu vinapooza bila oksijeni. Halafu tukaona. Chini kabisa udongo mgumu wa kijivu, wenye vizizi vya nyasi: pale ziwa halikuwepo. Juu yake, bila maandalizi yoyote, tope jeusi laini la kina kirefu. Mpaka kati ya hivyo viwili ningeweza kuufunika kwa kidole kimoja. Mwalimu akasema hata Ziwa Victoria, tunaloliona kama bahari, lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Nilikuwa nimesoma hayo. Kuyasoma na kuuona udongo wenye vizizi chini ya ziwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

"Pigeni picha sasa hivi, hewa inakula rangi!" Mwalimu akapaza sauti. Kweli, weusi ulikuwa umeanza kugeuka kahawia mbele ya macho yetu, chuma kilichomo kikikutana na oksijeni baada ya maelfu ya miaka. Nilisimama pale nikitamani kuuzuia. Tukio lile nalo lilikuwa linapita.

Kazi iliyofuata ilikuwa ndefu na ya kimya. Tulisafisha tope kwa asidi ili ibaki chavua, ule unga wa maua, ambayo ganda lake huvumilia karibu kila kitu, tukaihesabu chini ya hadubini: nyasi huku, miti kule. Ili kujua umri wa tabaka, maabara nyingine ikapima kaboni 14, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730. Karibu na juu, sizi-137 (cesium), elementi yenye mionzi iliyotokana na mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa angani, ilionyesha kilele chake, mwaka 1963.

Juu ya alama hiyo ndipo nilipokaa sana. Kule chini, msitu ulichukua sentimita nyingi kupungua. Hapa juu, ndani ya umri wa bibi yangu, miti ilishuka, udongo mwekundu wa vilimani ukaingia, mkaa ukaongezeka. Mtu akiniambia tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani, namkubalia, kisha namwambia habari ya mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika: kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda, kaboni dioksidi, gesi inayoipasha dunia joto, haikupita kwa kiasi cha maana sehemu 300 katika milioni. Mwaka 1958, vipimo vya hewa vya mlima Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza, ilikuwa kama 315. Leo imepita 420. Badiliko la zamani la msitu wetu halinitulizi, kwa sababu nimeona lilivyokwenda polepole.

Lakini kuna safu nyingine ya mkaa, chini zaidi, ya maelfu ya miaka. Nilimuuliza Mwalimu: moto huu aliuwasha nani? "Ukikuta chavua ya mazao jirani yake, mtaje mtu," alisema. "Usipoikuta, usimsingizie." Hatukuikuta. Hata hivyo mwaka wa ukame huweza kuwasha misitu bila mkono wa mtu, na mwaka huohuo huwasukuma watu kuingia msituni kutafuta chakula. Nikiupitia mchoro wetu wa hesabu hizo, siku nyingine naelekea ukame, siku nyingine naelekea watu, na tope lililobaki la safu ile ni kidogo mno kupimwa upya.