Kiti cha kusomea kwenye chumba cha rangi nzito

Picha za chumba cha msomi mtandaoni zinafanana: kuta za kijani iliyokolea, vitabu hadi darini, na kiti cha ngozi chenye mgongo mrefu na mabawa mawili. Mabawa yale yalibuniwa Uingereza kukinga upepo wa baridi na kushika joto la moto wa chumbani. Kilete Tanga au Mombasa uone utakavyoloa jasho.

Ngozi halisi pwani huota ukungu isipopanguswa na kupigwa hewa. Ngozi bandia ndiyo balaa zaidi: unyevu hula tabaka la plastiki lililo juu ya kitambaa, linaanza kubanduka magamba, na hapo fundi hana la kufanya ila kuvisha kiti upya.

Kwa joto letu, agiza fremu ya mninga au mvule, mgongo wa henzirani (ufito wa kusuka unaopitisha hewa), na mto wa sponji ngumu wa sm 10 uliovishwa pamba nzito ya rangi ya damu ya mzee. Mahameli waachie watu wa Arusha na Limuru. Kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo na nakshi za pembe, kinapendeza mno, lakini mgongo wake umesimama wima. Ni cha kumheshimu mgeni, si cha kumaliza sura tatu.

Vipimo vichukuliwe mto ukiwa umekaliwa: kimo sm 42 hadi 45, kina sm 48 hadi 52, mikono sm 20 juu ya mto, mgongo ulale nyuzi 105 hivi kutoka kwenye mto. Hapo kwenye kina ndipo wengi hukosea. Kikizidi, ukingo wa kiti unakubana nyuma ya magoti, nawe unasogea mbele, na kiuno kinabaki hewani. Vidole viwili vipite kati ya ukingo na mguu.

Kabla ya kulipa, kipindue. Viungo viwe vya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja iingie ndani ya nyingine, si misumari mitupu. Mbao mbichi ikikauka hunywea, ulimi ukalegea. Ndiyo maana kiti kipya huanza kulia baada ya miezi michache. Kikandamize pembe moja, kisha ile ya mkabala, usikilize.

Vanishi iwe isiyong'aa, la sivyo mwanga wa taa utakurudia machoni. Na kiti cha rangi nzito mbele ya ukuta wa rangi nzito hakionekani: kisogeze mbele kidogo, taa ya kelvini 2700, yaani ya mwanga wa manjano, ikae nyuma ya bega.