Siku moja maishani mwangu: fundi wa kuediti picha, Mbagala, Dar es Salaam

Watu wakisikia naediti picha wanajua ni kubonyeza filta tu picha ing'ae, basi ngoja niwaonyeshe Jumatatu yangu.

Saa 2 asubuhi nafungua studio hapa Rangi Tatu, nafagia, wa pasipoti saizi wanaanza kuingia, hao fasta fasta mpaka saa 4.

Saa 4 mzee kaleta picha ya marehemu baba yake, nyeusi na nyeupe, imepasuka katikati. Nikaiskani, nikaifungua kwenye Photoshop, programu ya kuediti picha, nikaweka filta ya Dust & Scratches. Hii inafuta madoa kwa kuazima rangi ya pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) za jirani, ila haijui lipi vumbi na ipi ile nukta ya mwanga kwenye jicho, ukiiachia picha nzima inakula macho na ndevu. So hiyo filta naifunika yote kwa maski nyeusi, yaani kifuniko kinachoificha, halafu napitisha brashi kuirudisha palipo na uchafu tu. Ule mpasuko nikaushona kwa mkono na Clone Stamp, ile inayonakili sehemu iliyo salama na kuibandika palipoharibika, taratibu sana. Mzee kaiangalia weee, akasema "ndiye mwenyewe". Hapo moyo wangu ulijaa kabisa.

Saa 7 wali maharage, nakula huku naprinti.

Saa 8 akaingia mama wa bibi harusi, picha za sendofu, ukumbi wenyewe ulijaa taa za zambarau, watu wote nyuso zina rangi ya bilinganya. Mama kashika simu, "mwanangu nataka albamu yote iwe kama hii". Naangalia, binti kapitishwa filta ya simu, kawa mweupe, ngozi laini kama plastiki. Nikamwambia mama, picha ya ukutani ya inchi 12 kwa 18 inataka pikseli 3600 kwa 5400, hiyo imetumwa WhatsApp imeshabanwa, itatoka na ukungu. "We bonyeza tu mwanangu, mbona simu inaweza?" Tukaenda hivyo hivyo, wateja wengine wanasubiri, simu yake inaita, anapokea, anarudi palepale, "mng'arishe kidogo tu".

Nikafungua faili la kamera mbele yake. Leya, yaani tabaka la picha, naigeuza Smart Object ili filta niweze kuirekebisha baadaye, filta ya Camera Raw ya kurekebisha rangi kutoa ile zambarau, usoni napunguza Texture (mikwaruzo midogo ya ngozi) kidogo kwa maski, halafu High Pass, filta ya kukolesha kingo, ya pikseli 2 kwenye nakshi za gauni. Rangi ya ngozi siigusi, binti ni mweusi wa kung'aa, nikimpausha ataonekana mgeni pembeni ya baba yake.

Nikaprinti zote mbili, ya simu na yangu, kwa saizi ndogo, nikamwekea mezani. Kakaa nazo muda, kageuza huku na huku, mara akauliza "hina yake iko wapi?" Filta ya simu ilikuwa imeifuta mkono mzima, kwake ile michoro ni madoa kama chunusi. Akaisogeza ya simu pembeni, akasema tengeneza kama hii yako.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena, umeme ukakata ukarudi, mgongo unauma, giza likaingia. Macho yakichoka rangi zinakudanganya, unaongeza njano unadhani iko sawa, kwa hiyo rangi za picha za familia nimeziacha mpaka asubuhi, usiku huu nakata na kupanga kurasa tu.