Nilivyopasuliwa ngiri huku nikipiga soga

Nina miaka 76, moyo unaodunda bila mpangilio na tezi dume iliyotanuka. Juu ya hayo ikanizukia ngiri ya kinena, upande wa kulia, ikichomoza kama ndimu kila nikikohoa.

Ghafla kila mtu akawa daktari. Rafiki mmoja akanishauri nivae mkanda wa ngiri: "Utasahau kama unayo." Nikanunua. Siku ya tatu niko kwenye foleni, nikapiga chafya. Mkanda ukaachia, ukaanza kuteremka ndani ya suruali, polepole, mpaka gotini, na kile kishikizo chake cha chuma kikigonga mfupa kila hatua. Nikatoka pale nimebana mapaja kama mtoto aliyebanwa na haja. Mkanda unazuia tu. Tundu kwenye ukuta wa tumbo liko palepale.

Mpwa wangu naye: "Mjomba, siku hizi ni vitundu vitatu tu na kamera." Daktari wa kwanza akasifia hayohayo bila kuuliza moyo wangu. Nilipoutaja mwenyewe ndipo akaguna. Upasuaji wa matundu kwa kawaida unataka nusu kaputi, na tumbo hutiwa gesi. Ningekuwa na moyo mzima na ngiri pande zote mbili, ningemfuata mpwa.

Nikamuuliza daktari huyo: kwa mwaka unapasua wangapi kwa njia hiyo? Akatazama dari. Swali hilo ulizeni, jamani.

Daktari wa pili alianza na dawa zangu. Ile ya kuzuia damu kuganda akanipangia siku ya kuiacha na siku ya kuirudia. Akasema mwanamume ambaye ngiri haimsumbui anaweza kungoja huku akiangaliwa, ila ikiwa ngumu, ikauma na kukataa kurudi, akimbie hospitali saa hiyohiyo. Mimi kuinama kufunga kamba za viatu kulikuwa kumeshanishinda. Akanichorea nyuma ya bahasha: chale moja kinenani, wavu unashonewa juu ya sehemu dhaifu bila kuvuta nyama, kwa ganzi ya palepale. Inaitwa Lichtenstein, ni ya miaka ya 1980.

"Na sindano ya mgongo?"

"Kwa tezi hiyo, Mzee, mkojo unaweza kugoma tukakuwekea mpira."

Mpira naujua. Nikachagua ganzi.

Basi nikalala pale macho makavu, nasikia mivuto lakini siyo maumivu, tunabishana habari za mpira, huu wa miguu. Katikati ya hadithi: "Mzee, kohoa." Nikakohoa kidogo, kwa adabu. "Kohoa kama mtu aliyepaliwa!" Nikakohoa hadi taa nikadhani zimetikisika. Akachungulia. Mishono imeshika.

Gharama ilikuwa chini ya ile ya matundu, na wodini sikulala. Jioni nikakojoa mwenyewe, mkondo wa kujivunia. Nikampigia mpwa, nikamweleza habari za mkojo kwanza, za ngiri baadaye.